Kuna Jirani Yangu Mmoja

Vidole na mdomo wa msusi huyu vilikuwa vimeoana. Kimoja kikilala, kingine nacho kinalala. Akianza mstari wa kwanza karibu na paji la uso, hapo hapo anaanza na habari, na akifika kisogoni mwenye kichwa ameshacheka mpaka machozi na kusahau kwamba ngozi inamuuma. Kusukwa rasta nyembamba si mchezo, jamani. Unakaa tangu asubuhi mpaka jua linageuka, makalio yamekufa ganzi, shingo imekakamaa, na hata chafya huwezi kupiga kwa raha. Saluni kubwa za barabarani zilikuwa na televisheni ya kuwatuliza wateja. Yeye alikuwa na chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kilichoota madoa pembeni, na ule mdomo wake.

Hadithi zake zote zilianza mahali pamoja. "Kuna jirani yangu mmoja," alisema huku akigawa nywele kwa mkia wa kitana, na wanawake waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walijisogeza karibu. Jirani huyo alikuwa na mume mchomelea mageti anayelala na soksi. Alikuwa na wifi aliyekuja kutembea siku mbili akakaa mpaka akaota mizizi. Aliwahi kukwama chooni siku ya wageni, akatolewa na shemeji yake kwa nyundo. Sasa, msusi naye mumewe alikuwa mchomelea mageti, wifi yake alikuwa ameota mizizi, na mlango wa choo chake ulikuwa na alama za nyundo. Mtaa mzima ulijua jirani ni nani. Ni yeye peke yake aliyeamini kwamba amejificha, kama mtoto anayefumba macho akidhani haonekani.

"Enhe," wateja walisema kila aliposita kuvuta pumzi. "Ikawaje?"

Akilisikia neno hilo alijiona mtu. Mwenzake wa kiti cha pili, msichana waliyemwita Kucha kwa ajili ya kucha zake ndefu za rangi, alikuwa na mkono mwepesi kuliko yeye na mistari yake ilinyooka zaidi. Lakini Kucha alisuka kimyakimya huku akitafuna bazoka, na benchi la wanaosubiri lilimgeukia msusi.

Nyumbani kulikuwa na kichwa kimoja alichokisuka bure, cha binti yake wa miaka kumi na tano. Kila Jumapili alasiri, vyombo vikishaoshwa na baba akishatoka, msusi alikaa kwenye kiti kifupi karibu na dirisha, na binti akakaa chini katikati ya magoti yake, uso ameuelekeza ukutani. Hapo ndipo mtoto huyo alipozungumza. Mezani humpati, njiani humpati, ukimuuliza jambo ana kwa ana atakujibu "sijui" mpaka uchoke. Lakini mwekee mkono shingoni, mvute nywele, na maneno yanatoka yenyewe. Msusi aliijua siri hiyo kwa kazi yake: anayesukwa haonekani uso, kwa hiyo haoni haya.

"Mama."

"Mm."

"Ukinicheka nanyanyuka."

"Nikucheke nini? Inamisha kichwa."

Binti akainamisha. Mstari wa kwanza ulipofika kisogoni, akaanza.

"Shuleni kuna benchi, nyuma ya darasa letu. Wasichana wanakaa hapo wakati wa mapumziko, wanasomeana ujumbe walioandikiwa na wavulana. Simu zimekatazwa lakini wanaziingiza kwenye soksi. Ukiwa huna ujumbe wanakwambia wewe bado mtoto, nenda ukacheze na wenzako. Halafu wanakupa mgongo mpaka uondoke."

"Na wewe wanakupa mgongo?"

"Muhula mzima uliopita."

Msusi alivuta uzi wa rasta taratibu. Muhula mzima, na yeye alikuwa akimuuliza kila jioni, "Shule ilikuwaje?" na kujibiwa, "Nzuri."

"Kwa hiyo nikachukua ile simu yako ya zamani," binti akaendelea, "ile yenye kioo kilichopasuka. Laini yake bado inafanya kazi. Nikaihifadhi namba yake kwenye simu yangu, nikaiita Wangu. Nikawa..."

"Ukawa nini?"

"Nikawa najiandikia mwenyewe."

Vidole vya msusi vilisimama. Kicheko kilimpanda mpaka kooni, akakimeza, kwa sababu mabega ya mtoto yalikuwa yanatetemeka. Akayashika yote mawili. Akamuuliza alikuwa anajiandikia nini, na binti akamwambia kwa sauti ya chini: umelala salama, umekula, leo umependeza. Basi. Hakujua wavulana wanaandika nini kingine.

"Sasa nakaa benchini," binti akasema. "Lakini wanataka kumwona. Wanasema aje siku ya michezo. Nimlete nani, Mama? Mimi nimlete nani?"

Hapa tumpe msusi haki yake, maana baadaye hatutampa. Hakumgombeza. Hakumhubiria. Alifikiri kidogo, akachovya kidole kwenye mafuta, akasema, "Mmeachana."

"Nani?"

"Wewe na huyo mwanamume wako. Umekuta anamwandikia mwingine. Kesho nenda na macho mekundu, lia kidogo, usizidishe. Watakupa pole mpaka uchoke, na hakuna atakayemtaka tena siku ya michezo."

Binti akageuza shingo nusu, machozi na kicheko vimechanganyika usoni. "Mama, wewe!"

"Geuka huko, utaniharibia mstari. Na ukishaachana naye, pumzika. Wavulana wa kweli nao wapo, hawaishi, muda wako utafika. Ila usijifungie tena na jambo kama hili peke yako. Likikubana, njoo kwangu. Unasikia?"

"Nasikia. Lakini usimwambie mtu, Mama. Hata Baba."

"Mimi? Nimwambie nani mimi?"

Na dawa ilifanya kazi. Binti alilia kidogo, hakuzidisha. Wasichana wakamkumbatia, mmoja akampa leso, na nafasi yake benchini ikabaki yake. Alirudi nyumbani akiimba. Alimsaidia mama yake kuanika nguo bila kuambiwa, na msusi akamtazama kupitia kamba ya nguo akajisifu moyoni kwamba mtoto wake ana mama.

*

Mke wa mwenye duka la dawa alikuwa mteja mzuri. Hakuwahi kuomba apunguziwe, na alikuja na wenzake. Lakini siku hiyo hakuwa na subira. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, nusu imesimama kama amepigwa na umeme, na yeye akaanza kujinyoosha kitini.

"Dada, mimi leo nimechoka. Labda nifunge kitambaa, hizi nyingine nikamalizie saluni za kule barabarani. Wana televisheni, kuna tamthilia yangu saa hizi."

Wanawake wawili benchini nao waliangaliana. Kucha akatafuna bazoka yake. Msusi alitafuta mfukoni mwa kichwa chake. Habari ya wifi wameshaisikia. Ya choo wameshaisikia. Ya soksi ndiyo kabisa. Kulikuwa na moja tu mpya, na ilikuwa mpya kweli kweli, na ilikuwa tamu.

"Subiri kwanza," akasema. "Kuna jirani yangu mmoja, ana binti."

Mke wa mwenye duka la dawa akarudisha mgongo kitini. "Enhe?"

Msusi alijiambia kwamba atasema kidogo tu. Alijiambia pia kwamba mambo yameshakwisha, mtoto anaimba, hakuna ubaya. Lakini hadithi ina njaa yake, na wanaosikiliza wanapocheka inazidi kula. Alisimulia benchi. Alisimulia simu iliyopasuka na laini yake. Alipofika kwenye ule ujumbe, umelala salama, umekula, hakukuwa na kicheko, kulikuwa na "maskini" mmoja tu kutoka benchini, na mke wa mwenye duka la dawa akaangalia saa.

Basi akatia chumvi.

"Weee! Tena usiku anaiweka ile simu juu ya mto, anaifunika shuka mpaka kidevuni! Anaibusu. Mwaa! Anaiambia, 'Lala, mume wangu.' Siku moja laini haikuwa na mtandao, mtoto akanuna siku nzima, eti mwanamume hapokei!"

Saluni ilipasuka. Mwanamke mmoja alianguka kutoka benchini, kweli alianguka, akabaki sakafuni kati ya nywele zilizofagiliwa, ameshika mbavu. Mke wa mwenye duka la dawa alicheka mpaka Kucha akaja kumshika kichwa ili mstari usiharibike.

"Mume wangu! Eti mume wangu! Ikawaje? Mwenzangu, ikawaje?"

Akawaambia ilivyokuwa, mpaka mwisho, pamoja na kuachana. Kichwa kikaisha, ncha zikachovywa kwenye maji ya moto, na mteja akajitazama kiooni huku akifuta machozi.

"Huyo binti wa jirani yako," akasema, "anasoma wapi?"

"Aa, jirani tu," msusi akasema, akacheka. Ni kile kicheko chake kilichomponza. Mtu huwa hachekelei hivyo mtoto wa jirani.

*

Aliitwa shuleni kabla ya wiki kuisha. Simu ilisema binti yake amevunja mali ya mwenzake. Msusi alitoka saluni mbio, akasahau kuvua aproni ya kazi, akafika na nywele za watu zimemganda kifuani.

Chumba cha mwalimu wa malezi kilikuwa na meza, viti vitatu na kabati lisilofunga. Mwalimu alikuwa mwanamume mwembamba mwenye suruali iliyopigwa pasi. Binti alikuwa amekaa pembeni, mdomo wa chini umevimba na damu imekaukia kidevuni. Upande wa pili alisimama msichana mrefu mwenye beji ya kiranja.

"Karibu, mama," mwalimu akasema. "Kaa."

"Shikamo... habari za kazi, Mwalimu. Sikai. Nani amempiga mwanangu?"

"Hakupigwa, mama. Kulikuwa na utani kidogo."

Alieleza utani huo huku akiutazama mlango. Wasichana wa darasa walifunga harusi. Waliifunga simu ya mmoja wao kwa karatasi nyeupe ya chooni, wakaiweka juu ya dawati, wakatengeneza ua kwa karatasi ya daftari. Wakampigia binti yake vigelegele, wakamkalisha karibu na simu, darasa zima likiimba. Kisha wakamwambia ambusu mumewe. Alipokataa, wawili walimshika kisogo wakamsukuma mpaka jino likapiga kioo. Ndipo alipoinyakua ile simu akaipiga ukutani.

"Sasa simu haikutakiwa kuwa shuleni, hilo tutalishughulikia," mwalimu akasema. "Lakini imevunjika, na mwenye simu ana wazazi wake. Ni vizuri binti aombe radhi."

"Aombe radhi?" Msusi alipiga meza, kabati likafunguka lenyewe. "Mtoto amepasuliwa mdomo, aombe radhi? Mimi nataka kujua nani kamtangaza mwanangu! Nani kaanza? Anitazame usoni mwangu hapa!"

Binti aliinua macho. Kwa mara ya kwanza tangu mama yake aingie, uso wake ulikuwa na tumaini kidogo. Alimtazama mama yake akisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, mkali, wa kwake.

"Wewe kiranja," msusi akasema. "Si wewe unayewaongoza? Umetoa wapi uongo huo?"

Kiranja alitazama sakafu. "Si uongo, mama. Mama mdogo ndiye aliyenisimulia. Mimi nakaa kwake."

"Mama yako mdogo ni nani anayekaa kusema watoto wa watu? Hana kazi? Hana haya?"

"Ana duka la dawa. Yeye na mumewe." Msichana akameza mate. "Alisema amesikia saluni."

"Saluni gani?"

Kiranja aliinua macho, akaitazama aproni, akazitazama zile nywele zilizoganda kifuani. Mwalimu naye akazitazama. Nje kengele ya darasa la wadogo ikalia.

"Kwako, mama," kiranja akasema.

Msusi alifungua mdomo. Watu wote waliomjua wangeapa kwamba mdomo ule haukosi neno, na siku hiyo ulikosa. Alitamani mtu yeyote aseme jambo lolote.

Aliyesema ni binti yake, tena taratibu, kama mtu anayeuliza kitu darasani. "Na habari ya kubusu simu. Na ile ya 'mume wangu.' Ilitoka wapi?"

"Mama mdogo ndivyo alivyosema," kiranja akajibu. "Kwamba ulikuwa unaifunika shuka."

"Mimi sijawahi kufanya hivyo." Binti alikuwa hamtazami kiranja tena. "Mama. Sikukwambia hivyo. Umeongeza?"

"Mwanangu, ilikuwa tu... nilisema ni jirani."

Mwalimu wa malezi alikohoa. Huenda alikuwa anaficha kicheko, huenda alikuwa na kikohozi. Akasukuma kiti nyuma, akasema basi, kila upande una makosa yake, na ingefaa wote wapeane mikono. Binti akasimama, akamwendea kiranja, akampa mkono.

"Samahani kwa simu," akasema. Kisha akapita mbele ya mama yake kama mtu anayepita nguzo, akatoka.

*

Mchomelea mageti alizisikia habari hizo kazini kwake, kwa mteja, kabla hazijamfikia nyumbani. Jioni alivua viatu mlangoni, akabaki na soksi zake.

"Mdomo wako ungekuwa duka," akamwambia mkewe, "sasa hivi tungekuwa na ghorofa."

"Baba watoto, nilikosea. Nimeshamwomba msamaha. Hanijibu."

"Akujibu ili kesho uwasimulie alivyojibu?"

Akala, akalala. Hakulizungumza tena, wala hakwenda chumbani kwa binti kumwambia chochote, kwa sababu hakujua baba huanzia wapi mambo kama hayo. Yeye alijua vyuma.

Jumapili ilipofika msusi alitandika kila kitu kama kawaida. Kiti kifupi, kitana, mafuta, rasta mpya za rangi ambayo binti alikuwa akiiomba siku nyingi na yeye akimwambia ni ya watu wazima. Alikaa. Akasubiri. Alikuwa amejiandalia maneno, na safari hii hayakuwa na chumvi. Alitaka kumwambia kwamba ni mjinga, kwamba aliona mteja anaondoka akashikwa na woga, kwamba angeuza ule mdomo kama kungekuwa na mnunuzi.

Binti aliingia kutoka nje. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Hapakubaki hata unywele wa kushika kwa kidole; ngozi ilikuwa inang'aa, na nyuma ya sikio kulikuwa na mkwaruzo wa wembe wa kinyozi.

"Umefanya nini?" Msusi alisimama, rasta zikamwanguka kutoka mapajani. "Mwanangu, umefanya nini na nywele zako?"

"Nimenyoa."

"Nani kakunyoa? Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Binti aliuliza bila hasira, na hilo ndilo lililouma. "Kesho kuna nani kwenye kiti chako saluni?"

Akaingia chumbani kwake. Msusi akaziokota zile rasta moja moja, akazirudisha kwenye mfuko, akabaki amekaa kwenye kiti kifupi, magoti ameyaacha wazi kama kuna mtu atakuja kukaa.

*

Tangu siku hiyo aliacha. Aliapa na akaacha kweli. Mteja akikaa alimsalimia, akamuuliza anataka mistari gani, akasuka. Wateja walidhani anaumwa. "Jirani yako hajambo?" walimchokoza, na yeye akasema jirani amehama. Wakacheka, wakingoja, na kilipokosekana cha kufuata wakaanza kupiga miayo na kutazama saa.

Hapo ndipo Kucha alipotema bazoka. Kumbe miaka yote ile, msichana alikuwa anasikiliza. Alijua mahali pa kushusha sauti, alijua mahali pa kusita. Wiki baada ya wiki benchi likageuka, kwanza magoti, halafu mwili mzima, mpaka msusi akawa anasuka watu waliochoka kumngojea Kucha. Mke wa mwenye duka la dawa alihamia kiti cha pili bila hata kusema samahani. "Wewe siku hizi umepoa," akamwambia msusi kiooni.

Nyumbani alijaribu kila njia. Alimnunulia binti mafuta ya kichwa, yakakaa bila kufunguliwa. Alimwandikia ujumbe kwenye simu, akaona umesomwa. Alimuuliza, "Shule ilikuwaje?" akajibiwa, "Nzuri." Binti alitoka asubuhi na sare, akarudi jioni na sare, vidole havina wino, na msusi hakuuliza zaidi kwa kuogopa kumsukuma mbali zaidi. Nywele hazikuota, kila zilipochomoza alizinyoa tena. Siku moja alimwona na simu mpya, kubwa, ya bei.

"Hiyo umepewa na nani?"

"Nimejiandikia mwenyewe," binti akasema, akapita.

Lile jibu lilimkata maini. Alitaka kumfuata, ampokonye simu, amfungie, ampigie magoti, vyote kwa pamoja. Akasimama ukumbini akisikiliza komeo la mlango likiingia mahali pake.

*

Siku ya mwisho wa mwezi saluni ilijaa. Msusi alikuwa na mteja mgeni, mama mmoja mnene aliyehamia mtaani karibuni, kichwa chake kimefika nusu. Kucha alikuwa na mke wa mwenye duka la dawa, na benchi lote lilikuwa limeegemea upande wake.

"Kuna jirani yangu mmoja," Kucha akasema, akashusha sauti, "ana binti."

Mkono wa msusi ulipunguza mwendo.

"Enhe?"

"Msichana kichwa kimenyolewa, kinang'aa. Shuleni walimkera, wakamwita bibi harusi wa simu mpaka akachoka. Unajua alifanyaje? Akasema nitawaonyesha mwanamume wa kweli. Kuna fundi simu pale karibu na stendi, mtu mzima, ana mke na watoto. Binti anatoka kwao na sare, akifika anaivua sweta, anakaa nyuma ya duka la yule bwana kutwa nzima. Amewapitisha wenzake pale wamwone. Simu amenunuliwa na yule bwana. Shule hajaikanyaga muhula huu."

"Na mama yake hajui?"

"Mama yake!" Kucha alicheka puani. "Mama yake ndiye wa mwisho."

Rasta ilimponyoka msusi. Mama mnene akasema, "Aa, mbona unanivuta?" lakini msusi alikuwa ameshageuka. Benchi lilimwona, likajirudisha nyuma. Mke wa mwenye duka la dawa akaanza kutazama kucha zake.

"Kucha," msusi akasema. "Ikawaje?"

"Aa, dada. Hadithi tu. Ya jirani."

"Nakuomba. Ikawaje?"

Kucha alitazama kitana mkononi mwake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na benchi lililojaa, kama alivyokuwa nalo mwenzake zamani. "Fundi amehamisha duka, dada. Amekwenda mji mwingine. Wamepanda basi la asubuhi, yeye na binti. Mimi nilidhani unajua. Watu wote wanajua."

Msusi aliitafuta simu kwenye mfuko wa aproni kwa vidole vyenye mafuta, ikamteleza, akaidaka. Akapiga. Ikaita, ikaita. Benchini hakuna aliyeondoka. Kisha ikapokelewa, na akasikia muungurumo wa injini na sauti ya mwanamume karibu sana ikiuliza, "Nani huyo?"

"Mwanangu," msusi akasema. "Mwanangu, uko wapi? Shuka hapo ulipo. Niambie uko wapi, nakuja mwenyewe, sisemi kitu, sikugombezi, nakuja tu. Mwambie mama yako."

Muungurumo uliendelea. Binti alikuwa anapumua. Msusi aliijua ile pumzi, ni pumzi ambayo mtoto alikuwa akiivuta katikati ya magoti yake kabla hajaanza kusema jambo gumu, na moyo wake ukaruka: atasema, sasa atasema.

"Kuna nani kwenye kiti?" binti akauliza.

"Hakuna mtu! Hakuna mtu, mwanangu, niko peke yangu, niambie..."

Nyuma yake, mtu mmoja benchini alikohoa.

Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupatikana, na alipopiga mara nyingine, haikupatikana. Akabaki ameibana sikioni kwa mikono miwili.

Mama mnene, yule mgeni, alikuwa amejigeuza mzima mzima kitini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Hakuwa anamjua binti wala fundi. Macho yake yalikuwa yamefunguka vizuri, na alikuwa amesahau kabisa kwamba ngozi inamuuma.

"Enhe," akasema. "Ikawaje?"